Dira, Ramani na Simu Porini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watembea kwa Miguu wa Lindi na Mtwara

Maswali haya huja kila mwaka mvua zinapokatika, kuanzia mwezi wa tano, watu wanapoanza kupanga safari za kupanda uwanda wa juu wa Rondo, kuzunguka milima ya mawe ya Masasi au kukifuata kilima cha Tendaguru. Wengine ni wanafunzi, wengine wafugaji nyuki, wengine ni watu wa mjini wanaotaka kuijua nchi yao kwa miguu. Nimeyajibu nikilifikiria pori la kwetu, kwa sababu ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya milima yenye vibao na njia zilizopakwa rangi. Huku hakuna kibao. Kuna vichaka, kuna mikorosho, kuna vijia mia vinavyofanana.

Simu yangu ina GPS. Nahitaji kitu kingine kweli?

Unahitaji. Simu inakwambia ulipo, na hilo ni jambo kubwa ambalo wazee wetu hawakuwa nalo. Lakini haikwambii kwamba kati yako na kijiji unachokiona kwenye skrini kuna genge lisiloshukika, au kichaka ambacho mtu mwenye panga hukipita kwa mwendo wa mita mia mbili kwa saa. Halafu simu huanguka majini, huisha chaji, na ikikaa kwenye jua la Oktoba bila kivuli hujizima yenyewe kwa joto.

Chukua vitu vitatu ambavyo haviharibiki kwa sababu moja: simu yenye ramani iliyopakuliwa, dira ya sindano na ramani ya karatasi. Betri ikiisha, dira haijali. Dira ikivunjika, jua bado lipo na ramani ipo. Mvua ikilowesha karatasi, simu iko ndani ya mfuko. Uimara wa safari uko kwenye mchanganyiko huo kuliko kwenye bei ya kifaa chochote kimoja.

GPS ya simu inafanya kazi bila bando wala mtandao?

Inafanya. Simu inapokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti, na simu nyingi za sasa husikiliza mifumo minne kwa pamoja: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Haitumii salio. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, ndiyo maana ni lazima uipakue ukiwa bado mjini. Mtu anayefungua ramani kwa mara ya kwanza akiwa juu ya Rondo ataona nukta ya buluu katikati ya ukurasa mtupu.

Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5. Chini ya miti iliyoshikana au kandokando ya ukuta wa mwamba, kosa hilo huongezeka, na nukta huanza kurukaruka. Simama, subiri dakika moja au mbili, sogea penye uwazi. Tena, simu iliyokaa siku nyingi bila kutumia GPS na bila mtandao huchelewa kupata mahali ilipo, mara nyingine zaidi ya dakika kumi. Iwashe GPS mapema, kabla ya kuacha barabara.

Nipakue programu gani?

OsmAnd na Organic Maps zote mbili hutumia data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, hufanya kazi bila mtandao na huonyesha vijia vya miguu pale vilipochorwa. OsmAnd ina mambo mengi zaidi ya kurekebisha. Organic Maps ni nyepesi na inaeleweka haraka. Ramani za Google pia zinapakulika, lakini bila mtandao hazikupi maelekezo ya kutembea kwa miguu, na eneo ulilopakua huisha muda usipolisasisha. Kwa barabara ya Lindi hadi Masasi zinatosha. Kwa porini, hapana.

Jambo ninalolisisitiza kuliko programu yenyewe ni kurekodi njia. Anza kurekodi ulipoacha gari au bodaboda. Mstari ule unaochorwa nyuma yako ndio njia ya kurudi ambayo umeshathibitisha kwa miguu yako kwamba inapitika.

Mbona kijia ambacho wenyeji hupita kila siku hakimo kwenye ramani?

Kwa sababu vijia vya huku vinahama. Shamba likipumzishwa, njia yake inafunikwa na nyasi ndani ya msimu mmoja wa mvua. Shamba jipya likifunguliwa, njia mpya inazaliwa. Ramani yoyote, ya karatasi au ya simu, ni picha ya siku ilipochorwa.

Mikorosho ina mtego wake. Kila shamba lina vijia vya kuokotea korosho na vya kupeleka magunia, navyo ni vipana, vimefagiliwa na vinavutia kuvifuata, lakini vinaishia kwenye kibanda au chini ya mti. Ukiwa katikati ya mikorosho usiamini upana wa njia. Amini uelekeo: kama unakokwenda ni magharibi na njia imekukunja kaskazini kwa dakika kumi, rudi kwenye njia panda ya mwisho.

Na upande wa Liwale na Nachingwea kuna njia za tembo. Ni safi kama njia za watu, na mara nyingi zinaelekea kwenye maji. Ukikuta mavi au matawi yaliyovunjwa, au ukaona kijia hakina hata alama moja ya kandambili au tairi la baiskeli, hiyo si njia yako, na si mahali pa kukaa.

Nikinunua dira, niangalie nini?

Nunua dira bapa ya plastiki angavu, inayokuwezesha kuona ramani iliyo chini yake, yenye duara linalozunguka lililogawanywa digrii 360 na mistari ya kulinganisha na ramani, na ndani iwe na mafuta yanayotuliza sindano. Zile ndogo za kwenye vishikio vya funguo ni mapambo.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti sindano kwa ulalo tu, huivuta pia kwenda chini au juu, kutegemea uko wapi. Dira zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zimewekewa uzito kidogo upande mmoja wa sindano ili ikae sawa kule. Ukiileta Newala, sindano inalala upande na kugusa sakafu ya dira, inakwama, inakupa jibu la uongo kwa utulivu kabisa. Uliza dira iliyosawazishwa kwa kusini mwa dunia au ile inayofanya kazi duniani kote. Dukani, ishike ikiwa imelala sawasawa, izungushe taratibu, uone kama sindano inaelea bila kukwaruza.

Iweke mbali na simu, spika na kava zenye sumaku. Sumaku ya karibu inaweza hata kugeuza sindano ikaonyesha kusini badala ya kaskazini, kwa hiyo kila asubuhi ya safari ihakiki kwa jua linalochomoza. Na unapopima uelekeo, panga liwe mbali, nawe usiwe umeegemea pikipiki.

Dira ya ndani ya simu si inatosha?

Inasaidia, haitoshi. Ni kipimo cha sumaku kilichokaa karibu na betri na spika, na huchanganyikiwa mara kwa mara. Ukilazimika kuitumia, ichezeshe kwanza hewani kwa kuchora namba nane mara kadhaa, kisha ilinganishe na dira ya sindano.

Sindano ya dira inaonyesha kaskazini kamili?

Hapana. Kwa mikoa yetu inaelekea magharibi kidogo ya kaskazini halisi, kwa digrii chache, na tofauti hiyo hubadilika polepole mwaka hadi mwaka. Kiasi cha sasa kwa mahali unapokwenda tafuta kabla ya safari, na usitegemee namba iliyochapwa kwenye ramani ya zamani.

Je, digrii chache zina madhara? Kila digrii moja unayokosea hukutoa nje kwa takriban mita 17 kwa kila kilomita. Chukua mfano wa digrii 4 na mwendo wa kilomita 5: utakuwa umepotoka mita 350. Kwenye uwanda wa nyasi fupi utakiona kijiji chako bado. Kwenye kichaka cha Umakonde utakipita bila kusikia hata jogoo. Kwa kuwa tofauti yetu iko magharibi, ukipima uelekeo kwenye ramani unaongeza digrii hizo kabla ya kuufuata kwa dira. Ukipima kwa dira na kutaka kuchora kwenye ramani, unapunguza.

Ramani za karatasi zinapatikana wapi, na bado zina maana?

Ramani za kontua (mistari inayoonyesha miinuko) za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa na serikali miaka mingi iliyopita, na mahali pa kuziulizia ni idara ya upimaji na ramani ya wizara inayohusika na ardhi. Kwa kipimo hicho sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Barabara na vijiji vilivyomo vinaweza kuwa vimebadilika sana, ila vilima, makorongo na mito mikubwa havijahama, na hivyo ndivyo unavyohitaji.

Tahadhari inayowaangusha hata watu wa vipimo: ramani hizo zimejengwa juu ya mfumo wa koodineti, yaani namba za kutaja mahali, uitwao Arc 1960, wakati simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukisoma namba kwenye simu na kuziweka moja kwa moja kwenye karatasi, utakuwa umejiweka mita 200 hadi 300 mbali na ulipo. Kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde hiyo ni tofauti ya kuwa juu ya genge na kuwa chini yake. Programu nyingi na vifaa vya GPS vya mkononi vinakuruhusu kubadilisha mfumo. Kama unatumia namba za gridi ya UTM, ile ya mita iliyochorwa kwenye ramani hizo, Lindi na Mtwara zote ziko kanda ya 37 kusini.

Usipopata ramani ya serikali, chapisha mwenyewe ukurasa wa OpenStreetMap wenye kontua, chora juu yake mstari wa kaskazini na kipimo cha umbali, uutie kwenye bahasha ya plastiki. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino hukimbia ukikutana na jasho.

Naweza kujua uelekeo kwa jua bila dira?

Unaweza, ila usitumie kanuni za vitabu vya Ulaya. Ile ya kuelekeza mshale wa saa kwenye jua ili kupata kusini inadhani jua la mchana liko kusini siku zote. Sisi tuko karibu na latitudo ya digrii 10 kusini. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu Oktoba 20, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu na kivuli chako kinaanguka kusini. Kuanzia hapo hadi Februari tena, mambo yanageuka: jua liko kusini, kivuli kinaanguka kaskazini. Na siku zinazozunguka mageuzi hayo mawili jua liko utosini, kivuli unakikanyaga mwenyewe, halikwambii kitu.

Kingine: jua letu haliko juu kabisa saa 6 kamili. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, nasi tuko karibu na 40, kwa hiyo jua hufika kileleni yapata saa 6 na dakika 20 mchana, robo saa mbele au nyuma kutegemea mwezi.

Njia ninayoiamini ni ya kijiti. Simika kijiti kilichonyooka mahali tambarare, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki. Hii haibadiliki kwa mwezi wowote, na ni sahihi zaidi katikati ya mchana kuliko asubuhi au jioni. Asubuhi kumbuka kwamba Juni jua huchomoza digrii 24 hivi upande wa kaskazini wa mashariki, na Desemba huchomoza kiasi hichohicho upande wa kusini. Anayesema "jua linatokea mashariki" na kuishia hapo anaweza kupotoka sana.

Pwani kuna msaada mwingine wa zamani: upepo wa kusi, utokao kusini, katikati ya mwaka, na wa kaskazi, utokao kaskazini, kuanzia kama Desemba. Mabaharia wa Kilwa na Mikindani walipanga maisha yao yote juu ya pepo hizi. Bara, ndani ya mabonde, upepo unapindishwa na vilima, kwa hiyo uchukue kama shahidi wa pili.

Na usiku je?

Usiku usitembee porini kwetu. Kuna tembo, kuna simba katika maeneo ya karibu na hifadhi, na kuna makorongo yasiyoonekana. Lakini ukiwa umepiga kambi, nyota zinakuwezesha kuhakiki dira yako na kuweka alama ya uelekeo wa kesho chini kwa fimbo.

Nyota ya kaskazini inayosifiwa vitabuni hatuioni, iko chini ya upeo wetu. Tunao Msalaba wa Kusini, ambao jioni za Aprili hadi Julai uko juu vizuri. Urefushe mstari wake mrefu mara nne na nusu kuelekea mguuni, kisha shuka wima hadi ardhini: hapo ni kusini. Kwa latitudo yetu ncha ya mstari huo uliorefushwa iko chini sana, kama upana wa ngumi moja ya mkono ulionyooshwa kutoka upeoni, kwa hiyo mara nyingi itakuwa nyuma ya miti na itabidi uikisie. Miezi ya Desemba hadi Aprili angalia zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, mkanda wa Orioni. Zinachomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili, popote ulipo. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima walikitazama kujua misimu, hakikai kwenye mstari huo. Kinachomoza kikiwa kimeegemea kaskazini.

Kwenye kichaka cha uwanda wa Makonde sioni hata mita kumi mbele. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lenyewe la mikoa yetu. Milima ya mawe ya Masasi inajionyesha. Mtandi unauona ukiwa mbali, unapima uelekeo wake kwa dira, kisha unapima wa mlima wa pili, na mistari miwili inapokutana kwenye ramani ndipo ulipo. Juu ya uwanda wa Makonde au ndani ya msitu wa Rondo huna mlima wa kupima. Ardhi ni tambarare, miti ni ileile, na kila upande unafanana na mwenzake.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia, jifunze mipaka. Tazama ramani kubwa ya eneo. Mto Lukuledi unatoka upande wa Masasi kwenda bahari ya Lindi, na bonde lake limekaa katikati: Rondo iko kaskazini ya bonde, uwanda wa Makonde uko kusini. Barabara ya lami ya kwenda Masasi inapita kwenye bonde hilo, na Ndanda iko pale chini ya ukingo wa uwanda. Maana yake, ukichanganyikiwa juu ya Rondo, kusini kuna bonde na lami. Ukichanganyikiwa upande wa kaskazini wa uwanda wa Makonde, bonde hilohilo liko kaskazini yako. Ukiwa Newala, kwenye ukingo wa kusini, ardhi inaporomoka kuelekea Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji. Kwa Tendaguru, Mto Mbwemkuru uko kaskazini, hivyo ukikutana nao umepitiliza. Andika juu ya karatasi yako sentensi moja ya namna hiyo kwa kila eneo: "Nikipotea, nielekee kusini mpaka lami." Sentensi hiyo inashinda koodineti elfu, kwa sababu unaweza kuifuata ukiwa na hofu.

La pili, hesabu hatua. Pima mita 100 barabarani, zitembee ukihesabu kila mguu wa kulia unapotua. Watu wengi hupata kati ya 60 na 70. Porini, hamisha kokoto moja kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kila unapomaliza mita 100. Kichakani hatua zinafupika, kwa hiyo rudia kipimo hicho ndani ya kichaka chenyewe.

La tatu, usilenge kijiji moja kwa moja. Kama kijiji kiko kando ya barabara, lenga makusudi upande mmoja, tuseme nusu kilomita kulia kwake. Ukifika barabarani unajua bila shaka kwamba ugeuke kushoto. Aliyelenga katikati akikosa hajui ageukie wapi.

Tena kumbuka maji. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote, na watu kwa vizazi wamekuwa wakishuka mabondeni kuteka. Atakayepotea juu pale hatakutana na kijito cha kumwokoa, kwa hiyo beba lita zako tangu mwanzo.

Nikiwa na vyombo vyote hivi, bado nimchukue mwenyeji?

Ndiyo, kila inapowezekana, na umlipe vizuri. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, ni wenyeji waliobeba mizigo yote ile kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na fundi mkuu wa uchimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa mtu wa huku. Mifupa iko Berlin leo, imesimama kwa urefu unaozidi mita 13. Ujuzi wa njia ulikuwa wa wenyeji, na bado ni wao wanaojua daraja gani limesombwa mwaka huu.

Lakini jua namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu "Ni mbali?" atakujibu "Si mbali, hapo tu," kwa sababu ya ukarimu na kwa sababu kwake kweli si mbali. Amkia kwanza, "Shikamoo babu", kaa, kisha uliza mambo yenye jibu: Nikitoka saa 1 asubuhi, nafika saa ngapi? Mto nauvuka au nauacha mkono wa kulia? Nikishaupita mbuyu, njia ziko ngapi, na yetu ni ipi? Mara ya mwisho wewe mwenyewe ulipita lini? Swali la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Majibu yake yaandike kwenye karatasi mbele yake, umsomee, akurekebishe.

Usiulize kwa kuonyesha njia mwenyewe, "Ni ile kule, sivyo?" Wengi watakubali kwa adabu.

Nitumeje mahali nilipo ili mtu anifikie?

Kwa SMS ya kawaida, maana hupita hata pale intaneti inapogoma. Andika kwa desimali, latitudo kwanza, kwa mfano −10.1234, 39.4321. Desimali nne zinatosha kumfikisha mtu ndani ya mita 11 hivi. Usisahau alama ya kutoa. Bila alama hiyo umemwelekeza mwokoaji wako Ethiopia. Na mkubaliane mapema nyumbani kwamba mtatumia desimali, kwa sababu kuchanganya desimali na mtindo wa digrii, dakika na sekunde kunaweza kumpeleka mtu kilomita nyingi pembeni.

Ukiwa Newala au kando ya Ruvuma, simu inaweza kushika mnara wa Msumbiji. Wao wako saa moja nyuma yetu, na simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe itarudi nyuma saa nzima. Aliyepanga kugeuka saa 9 alasiri atageuka saa 10 bila kujua. Zima upangaji wa saa wa moja kwa moja, au vaa saa ya mkononi.

Vifaa vya GPS vya mkononi na vya setilaiti vina faida?

Vifaa vingi vya mkononi vya aina ya Garmin eTrex vinatumia betri mbili ndogo za AA, zile zile za redio na rimoti, ambazo hata duka la kijijini huwa nazo. Kwa safari ya siku kadhaa hilo peke yake ni sababu ya kutosha. Vifaa vya ujumbe wa setilaiti, kama inReach, vinatuma na kupokea meseji mahali pasipo na mnara, ila vinalipiwa ada. Kwa kikundi kinachoingia mbali upande wa Liwale ningechangisha fedha kukipata. Kwa matembezi ya siku moja Rondo au Masasi, fedha hiyo ni bora iende kwa mwenyeji na kwa viatu.

Chaji itadumu vipi?

Weka simu kwenye hali ya ndegeni. GPS inaendelea kufanya kazi. Punguza mwanga wa skrini, usiangalie ramani kila dakika, beba pawabenki uliyoijaza usiku uliopita. Isikae mfuko wa juu wa begi juani.

Natembea ufukweni, Mikindani au Msimbati. Si nitafuata tu bahari?

Utaifuata mpaka ikukatie njia. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hori uliloruka asubuhi linakuwa mto mchana. Chombo chako cha kwanza pale ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Cha pili ni mvuvi wa pale.

Nahitaji kibali?

Misitu ya hifadhi kama Rondo iko chini ya TFS, wakala wa misitu, mapori ya akiba kama Lukwika-Lumesule na Msanjesi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Uliza ofisi husika kabla ya kwenda, kwani mipaka hiyo haina ukuta na si yote iliyomo kwenye ramani ya simu. Kwenye ardhi ya kijiji piga hodi ofisi ya mtendaji, ujiandikishe, ueleze unapita wapi na unarudi lini. Hatua hii ya adabu ndiyo pia mpango wako wa uokoaji: usiporudi, kuna mtu mwenye jina lako kwenye daftari na bodaboda nje.

Nimegundua sijui nilipo. Nianze na nini?

Simama. Usitembee hatua nyingine "kuona kama njia iko pale mbele." Kunywa maji, kaa kivulini, tazama saa. Giza kwetu huingia haraka: jua likizama, kati ya saa 12 na saa 1 kasoro kutegemea mwezi, una kama dakika 20 za kuona. Kama imebaki chini ya saa moja na nusu, fikiria mahali pa kulala kabla ya kufikiria njia.

Kisha jiulize ni wapi mara ya mwisho ulipokuwa na hakika, na dakika ngapi zimepita. Kwenye kichaka, nusu saa haifiki hata kilomita. Umo ndani ya duara dogo. Kama ulirekodi njia kwenye simu, ifuate kurudi. Kama hukurekodi, funga kitambaa cha rangi juu ya tawi mahali ulipo, nenda hatua mia moja upande mmoja kwa dira, rudi, jaribu upande mwingine, usikiache kitambaa mpaka umepata alama unayoijua. Sikiliza pia: jogoo, mashine ya kusaga, adhana, shoka. Sauti ya mashine husafiri mbali asubuhi, na kila mashine ina barabara.

Usifuate korongo kushuka kwa kudhani litakutoa. Kingo za nyanda zetu zina magenge, na mabonde ndiko wanyama wanakokwenda kunywa. Kama huna alama, huna njia iliyorekodiwa na jua linashuka, kaa hapo hapo, tuma SMS yenye koodineti kwa mtu uliyemwachia ratiba, washa moto mdogo mahali palipofagiliwa mpaka udongo, maana nyasi za Agosti hushika kwa cheche moja. Mtandao ukikataa, jaribu kupiga 112. Asubuhi, jua likishachomoza na umeshajua mashariki ni wapi, soma ile sentensi uliyoiandika kwenye karatasi, uanze kuelekea kwenye lami.